UTEUZI WA WALINZI WA AMANI WA KUJITOLEA: FUNZO KWA VYAMA VYA MSINGI

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Huenda baadhi ya wasikilizaji wakajiuliza mambo ya mahakama yanahusu nini katika mkutano wa watu wa ushirika. Jibu lake si gumu. Mwanachama aliyepima kahawa yake nyumbani akapata kilo 50, kisha stakabadhi ya chama ikasoma kilo 47, atakwenda kulalamika mbele ya watu fulani. Watu hao hawalipwi mshahara. Ni wakulima wenzake, majirani zake, na pengine ni ndugu wa karani wa mizani. Mwanachama huyo akitoka pale ameridhika, hata kama hakushinda, chama kimepona. Akitoka pale akinung'unika kwamba shauri lilikwisha kabla hajafungua kinywa, msimu ujao kahawa yake itauzwa usiku kwa mlanguzi.

Kwa hiyo swali la nani aketi kuamua mambo ya wenzake bila malipo, na ni nani amweke pale, ni swali la kila chama. Liko taifa moja ambalo limelishughulikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 600, likakosea sana, na likajirekebisha kidogo kidogo. Taifa hilo ni Uingereza, na watu wanaohusika huitwa walinzi wa amani.

ASILI YA KAZI HIYO

Mlinzi wa amani ni raia wa kawaida, asiye mwanasheria kwa kazi yake, aliyepewa mamlaka ya kusikiliza kesi na kutoa hukumu katika mahakama ya chini. Mwaka 1195 Mfalme Richard wa Kwanza aliwaagiza baadhi ya mashujaa wake walinde amani katika sehemu zenye fujo. Mwaka 1361, wakati wa Mfalme Edward wa Tatu, sheria iliamuru kwamba katika kila jimbo awekwe bwana mmoja, na pamoja naye watu watatu au wanne walio waaminifu kuliko wengine, wakiwamo wenye kujua sheria. Hao ndio waliopewa kazi ya kuwazuia wakorofi, kuwakamata na kuwaadhibu.

Wazo lenyewe lilikuwa jema. Mtu akaaye mahali huwajua watu wa mahali pale, hujua njia zao na ugomvi wao, na haki haingoji mpaka jaji afike kutoka mji mkuu. Lakini mapema sana mlango wa kazi hiyo ulianza kufungwa. Mwaka 1439 ilitungwa sheria kwamba asiwekwe mtu asiye na ardhi ya kumpa pato la pauni 20 kwa mwaka. Mwaka 1732 kiasi hicho kilipandishwa kuwa pauni 100. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtu mwenye mali hawezi kununuliwa kwa rushwa. Majina yalipendekezwa na mwakilishi wa Mfalme katika jimbo, ambaye mwenyewe alikuwa kabaila mkubwa, naye aghalabu aliwapendekeza makabaila wenzake. Hivyo kazi ya bure ikawa mali ya wenye mali.

Matokeo yake yanaweza kufikiriwa. Mwenye msitu ndiye aliyeketi kumhukumu maskini aliyenaswa na sungura wa msituni. Mwenye shamba ndiye aliyesikiliza ugomvi wa vibarua na wenye mashamba. Wazee walionya kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Huko, kwa karne nyingi, ngedere ndiye aliyekuwa na kiti.

YALIYOTOKEA TOLPUDDLE

Mfano mmoja yafaa kila mwana ushirika aujue. Tolpuddle ni kijiji katika jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 vibarua wa mashamba wa kijiji hicho walikuwa wakilipwa shilingi 9 kwa wiki. Ujira ukashushwa ukawa shilingi 8, kisha 7, na wakaambiwa kwamba utafika 6. Mtu mwenye mke na watoto hakuweza kuishi kwa ujira huo.

Vibarua hao hawakuchoma ghala wala kuvunja mashine. Walipeleka malalamiko yao kwa walinzi wa amani, kama sheria ilivyowaelekeza. Mkubwa wa walinzi hao alikuwa James Frampton, naye alikuwa mwenye ardhi nyingi. Jibu walilopata ni kwamba hakuna sheria ya kumlazimisha mwajiri kutoa ujira fulani, na kwamba kibarua hana budi kufanya kazi kwa kile anachopewa.

Hapo ndipo walipoamua kushikana. Mwaka 1833, wakiongozwa na George Loveless, kibarua aliyekuwa pia mhubiri, waliunda chama cha kusaidiana cha wafanyakazi wa mashamba. Kuunda chama hakukuwa kosa, kwa maana sheria ya kukataza vyama vya wafanyakazi ilikuwa imekwisha futwa mwaka 1824. Lakini kila aliyejiunga alikula kiapo. Frampton aliandika barua kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Lord Melbourne, na ikatafutwa sheria ya mwaka 1797, iliyotungwa baada ya maasi ya mabaharia wa jeshi, inayokataza viapo vya siri. Tarehe 24 Februari 1834 watu sita walikamatwa. Kabla ya kesi kusikilizwa, lilikaa baraza la kupima kama mashtaka yana msingi. Miongoni mwa wajumbe wa baraza hilo alikuwamo Frampton mwenyewe, yule yule aliyekuwa ameanzisha mashtaka.

Watu hao sita walihukumiwa kupelekwa uhamishoni Australia miaka 7. Habari hiyo iliwaudhi watu nchi nzima. Maelfu kwa maelfu waliandamana London mwezi Aprili mwaka ule, na mwaka 1836 Serikali ililazimika kuwasamehe wote. Lakini msamaha haukuwarudishia wake na watoto wao miaka waliyokaa bila waume na baba zao.

Ndugu wanachama, ikumbukwe kwamba hakuna aliyesema Frampton alikula rushwa. Pauni zake 100 zilimlinda na rushwa, kama sheria ilivyokusudia. Zisichoweza kumlinda nacho ni kule kuwa upande mmoja wa shauri tangu siku aliyozaliwa. Kosa halikuwa la mtu mmoja mwovu. Lilikuwa kosa la namna ya uteuzi.

MAREKEBISHO

Marekebisho yalikuja polepole. Mwaka 1906 Bunge la Uingereza liliondoa sharti la mali kwa walinzi wa amani wa majimbo. Lakini kuondoa sharti hakukutosha, kwa sababu wapendekezaji walikuwa wale wale, na vyama vya siasa vilikuwa vikigombania viti kama zawadi za kuwapa wafuasi wao. Ndipo Tume ya Kifalme ilipotoa taarifa yake mwaka 1910 na kushauri kwamba kila mahali pawe na kamati ya ushauri ya kupendekeza majina, na kwamba wateuliwe watu wa tabaka zote, wakiwamo wafanyakazi. Kamati hizo zilianza kuundwa mwaka uliofuata.

Wanawake walikuwa bado wako nje. Sheria ya mwaka 1919 iliondoa kizuizi hicho, na tarehe 31 Desemba mwaka huo huo Ada Summers, meya wa mji wa Stalybridge, akawa mwanamke wa kwanza kuketi kama mlinzi wa amani. Tangu mwaka 1966 kila mteule mpya amelazimika kupata mafunzo. Jambo moja lilichelewa zaidi: majina ya wajumbe wengi wa kamati za ushauri yalifichwa kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo ilipoamuliwa yatangazwe. Waliokuwa wakiyaficha walisema wajumbe wangesumbuliwa na waomba vyeo. Lakini raia alikuwa na haki ya kuuliza: kama mteuzi hajulikani, ataulizwa nani mteule akiharibu?

UTEUZI ULIVYO SASA

Hivi sasa katika Uingereza na Wales mtu hasubiri kupendekezwa na mkubwa. Nafasi hutangazwa, na mtu yeyote aliyetimiza umri wa miaka 18 aweza kuomba. Hatakiwi kuwa na shahada wala elimu ya sheria. Hutakiwa kwanza ajue kazi anayoiomba, na ndiyo maana huhimizwa aende mahakamani akakae nyuma na kutazama kesi zinavyosikilizwa. Wako wasioruhusiwa kwa sababu ya kazi zao. Askari polisi, kwa mfano, hawezi kuwa mkamataji asubuhi na mwamuzi mchana.

Mwombaji huleta wadhamini wanaomfahamu, kisha husailiwa na kamati. Katika kamati hiyo hawakai walinzi wa amani peke yao. Huchanganywa na wananchi wengine wasio na kazi hiyo, ili kamati isiwe klabu ya marafiki wanaochaguana. Kwa miaka mingi yaliyokuwa yakipimwa ni mwenendo mwema, uwezo wa kusikiliza na kueleza, ufahamu wa maisha ya watu mbalimbali, utulivu wa moyo, busara ya kuamua, na uaminifu wa kuhudhuria. Wasikilizaji wataona kwamba ufasaha wa kuhutubia haumo, wala ukubwa wa shamba. Tangu mwaka 2013 uteuzi wenyewe hufanywa kwa niaba ya Jaji Mkuu, wala si waziri wa Serikali tena anayeteua.

Aliyeteuliwa huapa kwamba atamtendea kila mtu haki kwa mujibu wa sheria, bila hofu wala upendeleo. Kisha hufundishwa, na katika siku zake za mwanzo huwa na mwenzake mzoefu wa kumwongoza. Kwa kawaida haketi peke yake. Walinzi huketi watatu, mmoja akiwa mwenyekiti, na neno la wawili ndilo linalosimama. Kando yao hukaa mshauri wa sheria, ambaye yeye ni mwanasheria wa mshahara. Huyo huwaambia sheria inasema nini, lakini hasemi nani ana hatia. Wasikilizaji ambao ni makatibu wa vyama wataitambua mara moja kazi hiyo. Katibu hodari huieleza kamati kanuni zilivyo, kisha hunyamaza ili kamati iamue.

Mlinzi akiona kwamba mshtakiwa ni jirani yake, au kwamba shauri linagusa mali yake, hana budi kusema na kutoka. Asipohudhuria kazi, akishindwa kazi kwa kudumu, au akiwa na mwenendo mbaya, huweza kuondolewa kwa uamuzi wa Lord Chancellor, waziri anayesimamia mambo ya sheria, akikubaliana na Jaji Mkuu. Tena ana umri wa kustaafu, ambao ulikuwa miaka 70 na mwaka 2022 ukapandishwa hadi 75.

Wala wasidhani wasikilizaji kwamba watu hao hupewa vijikesi vya kuku aliyepotea. Kesi zote za jinai za nchi hiyo huanzia katika mahakama wanamoketi, na zaidi ya 9 katika kila 10 humalizikia humo humo. Wapo pia mahakimu wa mshahara wanaosaidiana nao, lakini sehemu kubwa ya mzigo imo mabegani mwa watu wa kujitolea.

UDHAIFU ULIOBAKI

Haitakuwa haki kusifu bila kueleza udhaifu. Mlinzi wa amani hutakiwa aketi mahakamani siku zisizopungua 13 kwa mwaka. Mstaafu mwenye pensheni hatishiki na sharti hilo. Lakini kijana wa kiwandani, au mama mwenye watoto, atauliza: siku hizo 13 nani atanilipa? Sheria ya mwaka 1996 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake ruhusa ya kadiri kwa kazi hiyo, ila haimlazimishi amlipe. Ndiyo maana hurudishiwa nauli na gharama za chakula, na wanaopoteza pato hupewa posho ya kufidia, yenye kiwango maalumu. Hata hivyo, lawama imeendelea kusikika kwamba wenye umri mkubwa na wenye nafasi ni wengi mno katika viti hivyo.

Tena idadi yao imepungua sana. Mwaka 2010 walikuwa zaidi ya 28,000. Mwaka 2022 walikuwa kiasi cha 12,500. Wengi walifikia umri wa kustaafu, wapya hawakuandikwa kwa wingi wa kutosha, na mahakama nyingi ndogo zilifungwa, hata mlinzi na shahidi wakawa wanasafiri mwendo mrefu zaidi. Maana yake ni kwamba kazi ya kujitolea haijiendeshi yenyewe. Isipotafutiwa watu wapya kila mwaka, hubaki na wazee wachache waliochoka.

KWA UPANDE WA TANZANIA

Jina la mlinzi wa amani limo katika sheria za Tanzania pia, kwa sababu lilirithiwa kutoka utawala wa Kiingereza. Lakini hapa kwa desturi kazi hiyo hushikwa na mahakimu wenyewe. Kilicho karibu zaidi na raia wa kujitolea ni Baraza la Kata. Sheria ya mwaka 1985 ilielekeza kwamba wajumbe wake wasipungue 4 wala wasizidi 8, na wawe wakazi wa kata ile ile. Sheria ya mwaka 2002 kuhusu migogoro ya ardhi ikaongeza kwamba watatu kati yao wawe wanawake. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa tena: katika mashauri ya ardhi mabaraza hayo yakaondolewa kazi ya kuhukumu, yakabakiwa na kazi ya kupatanisha, na kwa kazi hiyo yakapewa siku 30.

Wako wanachama walioona mabadiliko hayo kama kushushwa cheo. Lakini kupatanisha si kazi ndogo. Hakimu mwenye mamlaka aweza kutiiwa hata kama haaminiwi. Mpatanishi asiyeaminiwa hana kitu mkononi. Kwa hiyo uteuzi wa mpatanishi wahitaji uangalifu zaidi, wala si pungufu.

NENO KWA VYAMA

Hayo yote yanarudi kwenye ile meza ya chama na zile kilo 3 zilizopotea. Katika mikutano mikuu mingi huonekana desturi ya kuchagua watu kwa harakaharaka jua linapotua. Mtu mmoja hutaja jina, mwingine huunga mkono, makofi hupigwa, na wote huenda zao. Husemwa kwamba haina haja ya kuchunguza sana, maana kazi yenyewe haina mshahara. Hilo ndilo kosa. Mwenye mshahara aweza kukatwa mshahara. Asiye na mshahara hashikwi ila na heshima yake, na kwa sababu hiyo heshima hiyo yapasa ijulikane kabla hajachaguliwa.

Makatibu wanaweza kuanza na mambo manne. Kwanza, nafasi zitangazwe ubaoni mapema, pamoja na maelezo ya kazi yenyewe, ili hata mwanachama wa kitongoji cha mbali aweze kujitokeza. Pili, wanaopokea na kuchuja majina wajulikane kwa majina, na miongoni mwao wawemo wanachama wasio wajumbe wa bodi. Tatu, kila shauri linapofunguliwa, katibu aulize kwa sauti kama yupo mjumbe mwenye udugu au maslahi na upande wowote, na jibu liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu. Aliye na maslahi atoke nje, hata akiwa mwenyekiti. Nne, mkutano mkuu ukubali posho ya nauli na chakula kwa wanaoketi, kwa kiasi kilichoandikwa na kukaguliwa. Posho ya haki siyo ulaji. Pasipo posho, kiti hicho kitakaliwa na wenye nacho peke yao, na mwanachama mwenye miti 100 ya kahawa ataamuliwa mambo yake siku zote na mwenye miti 5,000.

Vibarua wa Tolpuddle walifuata njia iliyo halali. Walikwenda kwa mlinzi wa amani kabla ya kuunda chama chao, na laiti wangemkuta pale mtu mmoja tu aliyewahi kulisha watoto kwa shilingi 7 kwa wiki, huenda wangesikilizwa. Hawakumkuta, kwa sababu hakuna mtu wa namna hiyo aliyeruhusiwa kuketi. Kila katibu anaporudi chamani kwake na atazame viti vya kamati yake, ajiulize ni mwanachama gani ambaye hana mtu wa namna yake pale. Kisha, mkutano mkuu unaofuata, ajenda ya uchaguzi na iwekwe asubuhi, wakati watu wangali na macho.